Daftari Zuri, Mtoto Asiyesoma

Shule ya msingi ina nyakati zake za kusikika. Januari vyombo vya habari huonyesha watoto wa darasa la kwanza wakiandikishwa, sare zikiwa bado na mikunjo ya dukani. Mwishoni mwa mwaka hutoka matokeo ya darasa la saba, na kila halmashauri huyachambua kutafuta pa kujisifia au wa kumlaumu. Miaka ya katikati, darasa la tatu hadi la tano, hupita kimyakimya. Mtoto ameshaandikishwa, kwa hiyo hahesabiwi tena kuwa tatizo, na mtihani wa kumaliza bado uko mbali, kwa hiyo hajawa tatizo. Hata Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, huzungumzwa kwa siku chache kisha ukasahauliwa. Lakini ushahidi uliokusanywa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka ishirini unaonyesha kwamba watoto wengi hupotea katika miaka hiyo hiyo, wakiwa wamekaa kwenye dawati na majina yao yakiitwa kila asubuhi. Na unaonyesha kwamba dawa yake haianzii kwenye vitabu zaidi, fedha zaidi wala mitihani zaidi. Inaanza shule inapokubali kutenga sehemu ya siku ya kumfundisha mtoto kuanzia pale alipofika, hata kama pale si pale mtaala unapodai awe.

Tuanze na kinachobadilika. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015 uliweka uzito wake kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa miaka miwili kazi kubwa ya shule ni herufi, silabi, namba na mwandiko. Darasa la tatu hali inageuka. Masomo yanaongezeka, vipindi vinagawanywa kwa kengele, sayansi inakuja na kitabu chake na masomo mengine na vyao, na katika shule nyingi penseli inaachwa na kalamu ya wino inashikwa. Kenya nayo ina kizingiti kama hicho. Mtoto anapoingia gredi ya 4 anahama kutoka msingi wa chini kwenda msingi wa juu, masomo yanakuwa mengi, na sera inataka afundishwe kwa Kiingereza hata kama gredi tatu za kwanza alifundishwa kwa lugha ya nyumbani. Jeanne Chall, mtaalamu wa usomaji wa Marekani, aliueleza mgeuko huu katika kitabu chake cha mwaka 1983. Alisema miaka ya mwanzo mtoto hujifunza kusoma, na kuanzia takriban darasa la nne husoma ili ajifunze. Baadaye yeye na wenzake waliwafuatilia watoto wa familia maskini wakaona kwamba wengi waliokuwa wakienda sawa na wenzao huanza kubaki nyuma hapohapo.

Sababu ya kubaki nyuma inaeleweka ukitazama kazi anayoifanya mtoto anaposoma. Akili yake haiwezi kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Anayetamka silabi moja moja hutumia nguvu zake zote kuziunganisha, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka. Kiswahili kinampa msaada na mtihani kwa pamoja. Msaada ni kwamba maandishi yetu hayana hila, kwani herufi husomwa ileile popote ilipo, na aliyezimudu silabi anaweza kutamka neno lolote hata ambalo hajawahi kulisikia. Mtihani ni urefu wa maneno. Kitenzi kimoja cha kitabu cha sayansi kinaweza kubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli, na mtoto anayekisoma kwa kukikatakata hufika mwisho bila kujua nani kamfanya nani nini. Hisabati ina ngazi yake pia. Kutoa kwa kukopa makumi, kuzidisha namba za tarakimu mbili, kugawanya na kisha sehemu, vyote vimejengwa juu ya kuelewa kwamba 1 katika 14 ni kumi nzima. Asiyelielewa hilo darasa la pili atakariri utaratibu wa darasa la tatu bila kujua unafanya nini, na darasa la nne, maswali ya mafumbo yatakapomtaka achague mwenyewe kama ni kujumlisha au kugawanya, hatakuwa na pa kushika.

Jambo la kushangaza ni jinsi mtoto wa namna hii anavyoweza kukaa shuleni miaka mingi bila kugundulika. Darasa letu lina maficho mengi. La kwanza ni kuitikia kwa pamoja. Mwalimu akiuliza kama wameelewa, darasa zima hujibu ndiyo kwa sauti moja, na katika sauti ya watoto themanini hakuna awezaye kusikia midomo kumi inayochezacheza tu. La pili ni kunakili kutoka ubaoni. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kuwa na mwandiko wa kupendeza, kwa sababu anachora herufi anazoziona bila kuzisoma. Daftari lake linajaa, linasahihishwa, linapigwa vema, na mzazi akilifunua jioni anaridhika. La tatu ni maswali ya kuchagua jibu, ambako kubahatisha hulipa na jirani wa dawati moja huwa karibu. Maficho haya yanatosha kumvusha mtoto mpaka mwisho. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Watoto hao walikuwa wamepita mikononi mwa walimu saba, nane au zaidi. Kosa la namna hiyo haliwezi kuwa la mwalimu mmoja mzembe. Ni la utaratibu unaomruhusu mtoto asogee mbele bila mtu kumketisha peke yake na kumwambia asome.

Hivyo ndivyo Uwezo walivyofanya. Kuanzia takriban mwaka 2010 watu wa kujitolea wa mpango huo, ulioanzishwa chini ya shirika la Twaweza kwa kuiga tathmini ya ASER ya India, walipita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda wakiwapa watoto karatasi ndogo yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti zao za mwanzo za Tanzania zilionyesha kwamba, kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, takriban watatu tu ndio walioweza kuisoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Kwa Kiingereza alikuwa mmoja kati ya kumi. Benki ya Dunia ilipoanza mwaka 2019 kutumia kipimo ilichokiita umaskini wa kujifunza, ilichagua umri wa miaka kumi, umri wa katikati ya shule ya msingi, ikakadiria kwamba Kusini mwa Sahara zaidi ya watoto wanane kati ya kumi wa umri huo hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Takwimu hizi zisisomwe kama hukumu juu ya elimu bila ada. Kenya ilipofuta karo mwaka 2003 idadi ya wanafunzi wa msingi ilipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2; Tanzania ilifuta ada za msingi kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwanzoni mwa muongo huohuo, na mwaka 2016 ikaondoa ada na michango iliyokuwa imerudi. Milango ilifunguliwa kwa watoto ambao awali wasingeingia kabisa. Hilo lilikuwa jambo jema. Lililobaki bila kuguswa ni namna ya kufundisha darasa ambalo, kwa sababu ya wema huohuo, sasa lina watoto wa viwango vinavyopishana kwa miaka miwili au mitatu.

Jibu la kwanza linalomjia kila mtu ni vitabu. Watoto watano wanagombea kitabu kimoja, watasomaje? Hoja hii ina uzito, na bahati nzuri ilijaribiwa kwa makini. Katika miaka ya 1990, Busia na Teso magharibi mwa Kenya, watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule 100, baadhi zikiwa zimepewa vitabu rasmi vya kiada kwa kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Walitarajia alama zipande. Kwa wastani hazikupanda. Walionufaika walikuwa wanafunzi waliokuwa tayari juu kabla ya vitabu kufika. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na kwa kasi ya mtaala uliotungwa kwa kumfikiria mtoto wa shule bora ya mjini. Mtoto wa kawaida wa darasa la tatu Busia hakuweza kukisoma kitabu alichopewa. Kitabu ambacho mtoto hawezi kukisoma humfaidi jirani yake.

Jibu la pili ni fedha. Tanzania ilijaribu hilo pia, katika utafiti mkubwa uliofanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya kumi, kwa madarasa matatu ya mwanzo. Kundi moja la shule lilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili halikupata ruzuku, bali walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la KKK. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Baada ya miaka miwili ruzuku peke yake haikuwa imeongeza chochote kwenye alama za watoto, wakati shule zilizopata vyote viwili ziliongeza kwa kiasi kinachoonekana wazi, zaidi ya ambavyo kila kimoja kilifanya kikiwa peke yake. Wapo waliosoma matokeo haya wakahitimisha kwamba walimu wanahitaji kulipwa bonasi. Usomaji wa makini zaidi ni kwamba fedha huzaa matunda pale tu mwalimu anapokuwa na sababu ya kumtazama kila mtoto mmoja mmoja na kujali kama huyu, si darasa kwa jumla, amejua kusoma. Mahali ambapo hakuna sababu hiyo, fedha huishia kwenye chaki, rangi ya ukuta na safari za ofisini.

Kwa nini vitabu na fedha hushindwa kumfikia mtoto wa chini? Kwa sababu mwalimu wa darasa la nne, hata mwenye bidii, anafundisha akifuatwa na mabwana watatu. Silabasi inamtaka awe mada fulani wiki fulani. Andalio la somo na azimio la kazi hukaguliwa na mwalimu mkuu, afisa elimu kata na mthibiti ubora kwa kuangalia mada imefika wapi. Na upimaji wa kitaifa utauliza mambo ya darasa la nne, hautauliza ya darasa la pili. Akiwa na watoto tisini mbele yake, anachoweza kukifanya ni kuzungumza na wale wanaomwelewa. Hao ndio wanaonyoosha mikono, na majibu yao humpa imani kwamba somo linakwenda. Wanafunzi wenyewe wana majina ya mgawanyo huo: mbele wapo vipanga, nyuma wapo vilaza. Majina hayo yanamfanya mtoto aonekane ameumbwa hivyo. Ukweli ni kwamba wengi wa wanaoitwa vilaza hawajui mambo machache yanayotajika: silabi mwambatano kama mba, nda na ng'o, au thamani ya makumi. Hayo ni mambo ya kufundishwa kwa wiki kadhaa. Hayafundishwi kwa sababu yalishafundishwa miaka miwili iliyopita, na ratiba hairudi nyuma.

Hapa ndipo ushahidi wa upande wa pili unapoanza. Mwaka 2005, katika shule 121 za magharibi mwa Kenya zilizokuwa na mkondo mmoja wa darasa la kwanza, aliajiriwa mwalimu wa ziada ili darasa ligawanywe mara mbili. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa kiwango walichoanzia. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walipopima baada ya miezi kumi na minane, shule zilizogawanya kwa kiwango zilikuwa mbele, na la maana zaidi ni kwamba mkondo wa chini nao ulinufaika sawa na wa juu. Wengi walikuwa wametabiri kwamba watoto dhaifu wangeumia kwa kutenganishwa na wenzao hodari. Haikuwa hivyo. Mwalimu aliye mbele ya watoto wa kiwango kinachokaribiana huweza kuanzia pale walipo. Ni kweli kwamba hao walikuwa watoto wa darasa la kwanza, na mgawanyo ulikuwa wa kudumu, jambo ambalo si lazima tuliige. Kwa madarasa ya kati ushahidi unatoka India, ambako shirika la Pratham liliwapanga watoto wa darasa la tatu hadi la tano kwa kiwango cha kusoma na kuhesabu, bila kujali wamo darasa gani, na kuwafundisha hivyo kwa muda uliotengwa. Huko nako kuna funzo. Katika majimbo ya Bihar na Uttarakhand walimu walipewa mafunzo na zana tu, wakaachiwa wazitumie katikati ya ratiba ya kawaida, na shuleni matokeo hayakuonekana. Haryana ilitenga saa nzima katika siku ya shule na kuweka wasimamizi, nako watoto wakapanda katika kusoma. Tofauti kubwa haikuwa zana. Ilikuwa saa. Zambia ilianza majaribio kama hayo mwaka 2016 kwa madarasa ya tatu hadi ya tano, kisha ikayapeleka katika shule nyingine nyingi za serikali.

Saa hiyo ingeonekanaje katika shule ya kawaida ya Tanzania? Mwanzoni mwa muhula kila mtoto wa darasa la tatu, la nne na la tano angeketi na mwalimu kwa dakika chache na kusoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi moja: herufi, silabi, maneno, aya, hadithi. Alipokwama ndipo kundi lake lilipo. Kisha kila siku, kwa mfano baada ya uji, kengele ingepigwa na madarasa matatu yangejichanganya: wasiojua silabi chumba kimoja, wanaosoma maneno lakini si aya chumba kingine, wanaosoma vizuri nao wapewe hadithi ndefu, maswali ya kufikiri na kazi ya kuandika insha. Vifaa vyake ni kadi za silabi zilizokatwa kwenye maboksi, vijiti vilivyofungwa makumi makumi, na hadithi fupi zilizoandikwa kwenye karatasi za bango. Baada ya wiki nne au sita karatasi ileile inarudi, na aliyepanda anahama kundi. Kuhama ndiko kunakoutenga mpango huu na mikondo ya zamani ya A, B na C, ambako mtoto akiwekwa C aliweza kumalizia shule huko. Shule zetu tayari zina mazoea yanayokaribiana na hili. MEMKWA, iliyobuniwa kwa ajili ya watoto waliokosa shule, imewahi kutumiwa na walimu kama darasa la kuwanusuru wasiojua KKK. Ila mara nyingi huwa ni chumba cha pembeni chenye mwalimu aliyebaki bila kipindi. Kinachopendekezwa hapa ni kuliingiza wazo hilo katikati ya ratiba na kuwahusisha watoto wote, wanaojua na wasiojua.

Pingamizi la kwanza ni la walimu, nalo ni la haki: watoto ni wengi na sisi ni wachache. Tupige hesabu. Shule yenye watoto mia moja katika kila darasa la tatu, la nne na la tano ina watoto mia tatu. Ikiwapanga walimu watano katika saa hiyo, kila mmoja atakuwa na watoto sitini. Idadi ni ileile ambayo walimu haohao wangekuwa nayo wakigawana madarasa hayo bila kuyachanganya. Kilichobadilika ni kwamba watoto wote wa kundi lake wanahitaji kitu kimoja. Kufundisha watoto sitini wa kiwango kimoja ni kazi nzito lakini inawezekana. Kufundisha sitini wa viwango vinne haiwezekani, na ndiyo tunayowatuma walimu waifanye kila siku. Kwa hiyo msongamano unalipa pendekezo hili nguvu zaidi. Haina maana kwamba serikali iache kuajiri. Katika kundi la chini, wale wasiojua hata herufi, tuseme kumi na tano, watafundishika vizuri zaidi wakipata mwalimu wao peke yao, na ajira mpya zingeanza kutumika hapo.

Pingamizi la pili ni la wazazi na linahusu aibu. Mtoto wa darasa la tano akiketishwa na wa darasa la tatu atachekwa. Hofu hii haistahili kubezwa, kwa sababu watoto wa miaka kumi ni wakali kwa wenzao. Hata hivyo tuulize anachekwa kiasi gani sasa, anapoinuliwa kusoma mbele ya darasa la tano na kutoa sauti isiyofanana na kilichoandikwa, au anapopewa viboko kwa sababu ya kukosa swali ambalo hakuweza hata kulisoma. Aibu hupungua pale ambapo wote wanahama, makundi hayaitwi kwa majina ya kupanga nani bora, na mtoto anaona kwa macho yake kwamba aliyekuwa naye mwezi uliopita ameshapanda. Mgawanyo unaofichwa ndani ya darasa, wa mbele na nyuma, hauna mlango wa kutokea.

Wasimamizi wa elimu nao watauliza silabasi itaisha lini. Mwaka wa masomo una takriban siku 190, na saa moja kila siku ni saa 190 zinazotolewa kwenye masomo mengine. Lakini silabasi inayoisha ubaoni bila kuingia kichwani imeisha kwenye kitabu cha kumbukumbu tu. Mtoto asiyeweza kusoma aya hapati kipindi cha sayansi hata akiketi ndani yake, hivyo saa anayonyang'anywa hakuwa nayo. Tena si lazima mpango huu ule mwaka mzima. Kambi za kusoma zilizofanyika Uttar Pradesh, India, mwaka 2013 na 2014, zilikuwa na jumla ya siku zipatazo hamsini, zikigawanywa kwa awamu za siku chache chache, na watoto waliohudhuria walipanda sana. Kwa maandishi ya Kiswahili, yenye utaratibu usio na hila, hakuna sababu ya kuhitaji muda mrefu kuliko huo kwa mtoto ambaye tayari anaijua lugha. Kwa mtoto wa kijijini Shinyanga au Ngorongoro anayekutana na Kiswahili shuleni, muda utahitajika zaidi, na saa hiyo italazimika kuwa na mazungumzo mengi kabla ya maandishi. Hiyo ni sababu nyingine ya kumpima kwanza badala ya kudhani.

Pingamizi la nne ndilo lenye wafuasi wengi: asiyejua akariri darasa. Linasikika kama ukali wa kujenga, na ndilo linaloufuata upimaji wa darasa la nne kwa wale wasiofikia kiwango. Tatizo lake ni kwamba linamrudishia mtoto kitu kilekile kilichomshinda. Aliyekwama kwenye silabi akikariri darasa la nne atafundishwa darasa la nne mara ya pili, sura zilezile za kitabu kilekile, akiwa amezidi wenzake umri na amepungukiwa moyo. Twisheni ya jioni nayo, ambayo wazazi wengi huikimbilia, mara nyingi hurudia mada ya asubuhi kwa wale ambao wazazi wao wana fedha. Kukariri na twisheni huongeza muda bila kubadili kinachofundishwa. Na muda wenyewe sasa umepungua. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa madarasa yaliyojumuisha la kwanza na la tatu. Mtoto aliyetoka darasa la pili bila kusoma alikuwa na miaka mitano ya kubahatisha kusaidiwa. Sasa ana minne.

Liko pia pingamizi ambalo halisemwi kwenye mikutano lakini linasikika barazani: sisi tulifundishwa hivyo hivyo na tukafaulu. Wanaolisema ni wale waliofaulu. Kizazi chao kilikuwa na watoto wengi ambao hawakuandikishwa, au waliacha shule darasa la nne, na hao hawapo barazani kueleza utaratibu ule uliwafanyia nini. Shule iliyojengwa kuchuja inaweza kumfundisha kila mmoja kwa kasi ya wachache na bado ikatimiza kazi yake. Shule ya leo imepewa kazi tofauti: nchi imeamua kwa sheria, kwa bajeti na kwa kufuta ada kwamba kila mtoto aingie. Ukishaamua hivyo huwezi kuendelea kufundisha kama vile nusu yao wako njiani kuondoka.

Mabadiliko ya namna hii hayahitaji kusubiri waraka kutoka wizarani, ingawa waraka ungesaidia kumlinda mwalimu mkuu dhidi ya mkaguzi atakayeuliza kwa nini kipindi cha tatu cha sayansi hakipo kwenye ratiba. Shule yoyote inaweza kuanza kwa kupima. Na mzazi naye ana nafasi yake. Ripoti ya mwisho wa muhula humwambia kwamba mtoto wake amekuwa wa 37 kati ya 112, namba inayoeleza wenzake wamefanya nini bila kueleza yeye anaweza nini. Kwenye kikao kijacho cha wazazi, kabla ajenda haijafika kwenye mchango wa uji na madawati, maswali mawili yaulizwe na majibu yaandikwe kwenye muhtasari: watoto wangapi wa darasa la nne hawawezi kusoma ukurasa wa kitabu cha darasa la pili, na wanafundishwa kuusoma saa ngapi. Shule isiyo na jibu la swali la kwanza haijui watoto wake. Ikiwa na jibu la kwanza na ikakosa la pili, inawajua na imewaacha.